Pazia Lisilo na Dirisha

Mume wangu alikuwa na ugonjwa mmoja tu, na aliupata Geita. Wenzake waliokwenda kule kwenye dhahabu walirudi na vifua vibovu kwa vumbi la mawe, au walirudi na mke wa pili. Yeye alirudi na chumba cha kulala. Alikuwa amekibeba kichwani, na afadhali angekibeba mgongoni, maana mzigo wa mgongoni mtu huchoka akautua.

Kule alikuwa boi wa nyumbani kwa Mzungu mmoja wa mgodini. Kila asubuhi aliingia chumbani kwa huyo bwana, akafungua pazia, akatandika kitanda kipana, akapangusa meza mbili ndogo, moja huku na moja huku, na kila asubuhi alijiapiza moyoni kwamba na yeye siku moja atalala hivyo. Vita kuu vya pili vilipokwisha alirudi Shinyanga, akapata ukarani kwenye jineri, kule pamba inakochambuliwa mbegu. Akanioa kwa ng'ombe ambao baba yangu aliwakagua mpaka meno, tukahamia mtaa wa Ngokolo. Hapo ndipo kile chumba kilipoanza kumtoka kichwani.

Nyumba yetu ilikuwa ya fito na udongo, imeezekwa nyasi, kama nyumba zote za mtaa ule. Ilikuwa na sebule, na chumba chetu, na ubavuni mwa chumba chetu kichumba kidogo kilichotengwa kwa ukuta mwembamba. Jiko lilikuwa peke yake uani, kibanda cha duara. Mimi sikuona upungufu wowote. Nyumba ilikuwa kavu, paka alikuwa mkali, na choo kilikuwa mbali na kisima. Mtu akitaka zaidi ya hapo anatafuta maneno.

Mwaka ule nilikuwa na mimba ya tatu. Mbili za kwanza zilinipa watoto wawili ambao sikuwahi kuwabeba mgongoni. Wa kwanza nilimzalia nyumbani, wa pili nilimzalia hospitali, na watu wa pande zote mbili walijitahidi, simlaumu mtu. Lakini safari hii nilimtaka mama yangu. Mama alikuwa amezalisha nusu ya wanawake wa kijiji chetu, huko upande wa Songwa, na nilikuwa na imani kwamba mikono yake ikiwa karibu mtoto huyu atabaki. Iiteni imani ya kijinga mkitaka. Sikutaka kitu kingine chochote duniani, na usiku nilikuwa nikishika tumbo namwambia aliyemo ndani avumilie mpaka bibi yake afike.

Kile kichumba kidogo nilikuwa nimekiweka kwa ajili ya mama. Nilikipangia mambo machache tu. Sakafu niikandike upya kwa samadi na majivu, kuta nizipake udongo mweupe, kitanda cha zamani nikisuke upya kwa kamba za ngozi, nitandike mkeka, na mlangoni nitoe gunia niweke mlango wa mbao. Kazi yote ningeifanya kwa mikono yangu, fundi angehitajika mlangoni tu. Nilimweleza mume wangu, akaitikia kwa kichwa, nami kwa upumbavu wangu nikadhani amesikia.

Msimu wa pamba ulipokwisha, jineri iliwapa makarani bakshishi kidogo. Haikuwa hela ya kumvimbisha mtu kichwa. Ilitosha mlango wangu, kanga mbili na mbuzi wa kumchinjia mama akija. Mume wangu aliileta nyumbani ndani ya soksi, akaiweka mezani, akaniambia nikae chini nisikilize. Nikakaa. Akaanza kunieleza chumba.

Alieleza mpaka uji ukapoa. Ati mtu hulala theluthi ya maisha yake, kwa hiyo mahali anapolala ndipo penye heshima yake. Maneno hayo aliyasikia kwa Mzungu, na Mzungu mwenyewe nadhani alikuwa akimtania. Ati hela ni kidogo, lakini mwenye akili hununua kile asichoweza kutengeneza, na kingine chote hukitengeneza kwa vitu vinavyotupwa. Kununua, atanunua kitanda cha chuma chenye springi. Vingine niachie mimi, akasema. Tulipotoka uani alichukua kijiti akachora chumba kizima chini, kitanda hapa, meza hapa, pazia pale, na kuku wangu wakaja wakapita juu ya kitanda, wakanya kwenye pazia. Niliona kuku wale wana akili kuliko sisi wote wawili.

Nilimuuliza chumba alichokichora ni kipi, mbona ni kikubwa hivyo. Akasema ni hiki hiki chetu. Nikamwambia chetu hakina ukubwa huo. Akacheka kidogo, kicheko cha karani.

Kesho yake nilikwenda kuteka maji, na niliporudi nilikuta vumbi linatoka madirishani. Alikuwa amekwisha kuubomoa ukuta wa kile kichumba. Fito zilikuwa zimerundikwa uani, udongo umetupwa ndani ya jiko langu kwa sababu, ati, hakutaka kuchafua uwanja. Yeye alikuwa amesimama katikati, mweupe mpaka kope, anapima kwa hatua.

Nilitua ndoo. Nikamuuliza, "Mama atalala wapi?"

"Humu humu," akasema. "Juu ya springi. Wewe utalala naye, mimi nitalala sebuleni. Nani amewahi kumpa mkwe heshima kama hiyo?"

Hebu fikirini. Mwanamume wa Kisukuma, aliyezaliwa na kulelewa na watu, anataka mama mkwe alale kitandani kwake. Kwetu, mama mkwe na mkwewe hawaangaliani usoni. Wakikutana njiani mmoja hupisha kando na kugeukia porini. Hawali chungu kimoja, hawaitani majina, hata neno hawasemezani ila kwa kumtumia mtu wa katikati. Na kitanda cha binti na mumewe, hicho ndicho mama mtu hakioni kabisa, hata mlango wa chumba chenyewe haupiti. Mtoto wa miaka saba analijua hilo. Mume wangu alikuwa analijua pia, ila Geita ilikuwa imemfuta kichwa kama ubao wa shule.

Nilimwambia hayo yote. Akanijibu kwamba hizo ni mila za kulalia ngozi, na mila hizo hazikukutana na springi. Nikamuuliza yeye angelala kwenye kitanda cha baba yangu. Akafikiri kidogo, nakuapieni alifikiri, kisha akasema kama kina springi angelala. Nikaona hapa hakuna mtu wa kuongea naye. Nikamwambia basi mama atakaa jikoni na mimi nitazalia jikoni. Hapo akapandisha. Mtoto wake hatazaliwa jikoni kama mwanambuzi, akasema, na yeye ndiye mwenye nyumba, na jikoni ni marufuku. Neno hilo alilitoa jineri. Pale kila kitu kilikuwa marufuku.

Basi kazi ikaendelea. Usiku wa kwanza baada ya ukuta kubomolewa paa lilibonyea, maana ukuta ule alioudharau ndio uliokuwa umelishika. Ikabidi asimamishe nguzo ya mti katikati ya chumba. Mtu akitaka kuzunguka kitanda alilazimika kuikumbatia. Nilimuuliza kama Mzungu naye alikuwa na nguzo. Akaenda kukoroga chokaa.

Kuta alizipaka chokaa, na ndani ya chokaa akatia buluu ile ya kufulia nguo nyeupe, ili chumba kiwe cha rangi ya anga. Fundi rangi alikuwa yeye mwenyewe, na buluu haikukorogeka sawa. Upande mmoja ulitoka mweupe, upande mwingine ukatoka kama jicho la mtu aliyepigwa ngumi. Tena chokaa yenyewe ilikuwa nyepesi haishiki. Ukiegemea ukuta ulitoka na mgongo mweupe, na wanawake kisimani walikuwa wakijua moja kwa moja nimeegemea wapi na kwa nini, wakanicheka mpaka maji yakamwagika.

Meza mbili za kando ya kitanda alizitengeneza kwa makasha ya mbao ya kuletea madebe ya mafuta ya taa. Ni kasha zuri, mimi nilikuwa nikiwekea kuku wanaotamia. Aliyasimamisha, akayavalisha vitambaa vya mifuko ya unga vyenye marinda. Nikaona makasha ya mafuta ya taa yamevaa sketi nzuri kuliko mimi mwenyewe. Chini akatandika magunia ya jineri yaliyoshonwa pamoja, akayaita zulia, na kila ukikanyaga, nyuzi za pamba zilipanda puani. Juu alinyoosha kitambaa cha amerikani kutoka ukuta hadi ukuta, ili nyasi za paa zisionekane. Wiki haikuisha kitambaa kikajaa vumbi na mavi ya mijusi, kikashuka tumbo kama langu. Tukawa na mimba mbili chumba kimoja.

Lakini pazia, jamani. Chumba chetu kilikuwa na kidirisha kimoja kama mdomo wa mtungi. Mzungu alikuwa na dirisha pana la vioo, na pazia lake lilianzia juu mpaka chini. Kuvunja ukuta wa nje mume wangu hakuthubutu, nguzo moja ilikuwa imemtosha. Basi akanunua kitambaa cha maua, akakitundika ukuta mzima, ule usio na dirisha kabisa, kikaning'inia kutoka dari hadi sakafu. Mgeni akiingia angedhani nyuma yake kuna dirisha kubwa limefunikwa kwa ajili ya jua. Nyuma yake kulikuwa na udongo. Na kila asubuhi, wallahi, mume wangu alikuwa akilivuta pazia kando kidogo, anatazama udongo, kisha analirudisha.

Kitanda kilikuja juu ya mkokoteni wa ng'ombe, na watoto wa mtaa wakakisindikiza. Kilikuwa kirefu kwenda juu, na miguu yake aliitia ndani ya makopo ya mafuta ya taa ili kunguni wasipande. Kunguni hawakupanda, na mimi pia kupanda nilishindwa. Kwa tumbo lile nilipaswa kukanyaga kasha lenye sketi, nishike nguzo, nijitupe. Nikigeuka usiku springi zililia mpaka nyumba ya pili. Jirani yetu, mama mmoja wa Kimanyema mjane aliyekuwa akipika maandazi, aliniuliza asubuhi moja kwa upole sana kama naumwa.

Na bakshishi iliishia hapo. Mlango, kanga na mbuzi vilikwenda na hicho kitanda.

Lililoniudhi zaidi ya yote ni kuonyesha. Mtu mzima mwenye akili hufunga mlango wa chumba chake. Wangu alikuwa akiufungua. Karani mwenzake akija kumwamkia, anapelekwa chumbani. Muuza samaki akija, anapelekwa chumbani. Mimi niko uani na tumbo langu, napepeta mtama, nasikia wanaume ndani wakibonyeza springi kwa mikono na kusema aisee. Nilijisikia kama nimevuliwa nguo sokoni, na nilimwambia hivyo hivyo. Akaniambia najizuilia maendeleo mwenyewe.

Mama alifika na lori la pamba, amebeba kibuyu cha samli, kuku wawili na kifurushi cha dawa zake. Sikupata hata muda wa kumwamkia vizuri. Mume wangu alitoka sebuleni na suruali yake nyeupe, akasema shikamoo mama kwa sauti ya kumkaribisha mkubwa wa wilaya, akanyoosha mkono kuelekea chumbani, akausukuma wote mlango wa chumba unaofungukia nje. Buluu, maua, sketi na kitanda vikatokea uwanjani.

Mama aligeuka. Alijifunika kanga usoni, akampa mkwewe mgongo, akakaa chini palepale kwenye vumbi. Alikuwa amefunga mayai ya kuku kiunoni, nadhani yote yalivunjika, maana upande mmoja ulilowa. Alisubiri nimfikie. Kisha akaniambia, na mume wangu yuko hatua chache tu nyuma yake, anasikia kila kitu, "Mwambie mwenye nyumba nimeona mlango. Mlango ni mzuri."

Nikageuka nikamwambia mwenye nyumba, mama anasema mlango ni mzuri. Akajibu, bila kunitumia mimi, moja kwa moja kama anaongea na muuza duka, kwamba mama apite ndani ajionee, kwani mlango si kitu. Mama akaendelea kunitazama mimi. "Mwambie mwenye nyumba macho yangu ni ya zamani, yanatosheka na mlango."

Usiku ule alilala kwa yule jirani wa maandazi, na usiku uliofuata, na mwingine. Nilikuwa nakwenda kwake mchana, ananipapasa tumbo, anasema mtoto amekaa vibaya kidogo lakini atageuka. Nilimweleza habari ya jikoni na ile marufuku. Mama hakumtukana mkwewe. Mama hakuwa mtu wa kutukana, mimi ndiye niliyerithi kwa baba. Alisema tu kwamba chumbani hawezi kuingia, jikoni amekatazwa na mwenye nyumba, na kwa watu baki hawezi kukaa mpaka mtaa uanze kusema binti yake hana pa kumweka. Lori lilikuwa linarudi Jumatatu. Atarudi nalo.

Nilikwenda kwa mume wangu, na sikwenda kwa ukali. Nilipiga magoti, mimi, nikamwomba aniruhusu jiko. Nilimwambia naogopa. Nilimwambia wawili wamekwenda na huyu akienda na mimi nitakwenda naye. Akanishika bega kwa upole kabisa, maana hakuwa mtu mbaya, alikuwa mjinga, na wajinga wapole ndio wanaochosha. Akasema nisiwe na wasiwasi, chumba kizuri kinaleta afya, yeye aliona kwa macho yake jinsi mke wa Mzungu alivyojifungua ndani ya chumba chenye hewa. Nikamtazama. Hewa ilikuwa ikipita wapi, kwenye pazia? Nikainuka, nikapangusa magoti.

Jumapili, siku moja kabla ya lori, alikuwa amealika watu. Karani mkuu wa jineri na mkewe, na makarani wengine, walikuwa waje baada ya kanisa kunywa chai na kutazama chumba. Tangu alfajiri alikuwa akifukuza mijusi kwa ufagio. Alitandika shuka mbili nyeupe alizoazima, akazinyoosha kwa kiganja mpaka hakuna mkunjo, akarudi nyuma akaziangalia, akarudi tena akanyoosha.

Uchungu ulinishika nikiwa namwagia majani ya chai maji. Wa kwanza niliumeza. Wa pili ulinikalisha kwenye kinu. Nilikwenda chumbani nikishika ukuta, nikatoka na buluu mikononi, nikamwambia siku imefika, nataka kulala.

Alinitazama, akatazama kitanda, akatazama nje njiani. Wageni walikuwa wameanza kuonekana, mke wa karani mkuu ana mwavuli.

"Subiri kidogo," akaniambia. "Keti sebuleni. Wageni watazame kwanza, wakitoka utalala. Shuka zitajikunja."

Nimeishi miaka mingi baada ya siku hiyo, nimeambiwa mengi na watu wengi, lakini sijaambiwa neno jingine kama hilo. Damu ilinichemka mpaka uchungu wenyewe ukanyamaza. Sikumtukana. Nilimpisha, nikapita mlango wa uani, nikaenda jikoni, nikasogeza kwa mguu udongo wa ukuta wake, nikatandika ngozi ya ng'ombe chini, nikamwita jirani juu ya ua aniletee mama.

Mama alifika akasimama nje ya jiko. Akaniambia mwenye nyumba amekataza. Nilimjibu kwamba mwenye nyumba ana wageni. Akaniangalia nilivyokuwa, nimeshika mawe ya jiko kwa mikono miwili, akavua kanga ya begani, akaingia.

Sitaeleza ya ndani. Wanawake wanayajua, na wanaume hawana haja nayo. Nitasema tu kwamba mtoto alikuwa amekaa vibaya kuliko alivyodhani mama, kwamba chai ya wageni haikuletwa na mtu, na kwamba kutoka nyumbani niliwasikia wakibonyeza springi. Nililia kwa sauti mara moja. Springi zikanyamaza. Nikalia tena, na ule ukimya wa kule ndani ukawa mkubwa, kama ule wa kanisani mtu akianguka. Kisha nikasikia miguu ya watu wazima wanaotoka ndani kuja uani bila kujua waangalie wapi.

Mtoto alipotoka, hakulia. Mama alimgeuza, akamnyonya pua kwa mdomo wake, akatema, akamnyonya tena. Akampiga nyayo kwa vidole. Mimi niliangalia paa. Nilikuwa najua tayari ukimya ule, nilikuwa nimeusikia mara mbili, na nilianza kufunga moyo wangu mapema ili usije ukanikuta wazi.

Hapo nikasikia mtu nje ya ukuta wa jiko. Hakuja mlangoni. Alisimama nyuma, upande usio na mlango, na kwa sauti ilivyotoka nilijua amegeuzia jiko mgongo, kama mkwe anavyotakiwa. Alisema Kisukuma. Tangu Geita mume wangu alikuwa hasemi Kisukuma ndani ya nyumba ile, hata kwa paka.

"Mke wangu," akasema, "niulizie mama kama yupo hai."

Hakusema ni nani. Labda alimaanisha mtoto, labda mimi. Nilitaka kumjibu. Nilitaka kumwambia mengi sana, nilikuwa nayo mengi, lakini sauti haikuwepo. Nilifungua mdomo ikatoka pumzi tu. Mama alinitazama kusubiri nipeleke neno, akaona sitaliweza. Nje mume wangu akauliza tena, na safari hii sauti yake ilivunjika katikati, na makarani wote wa jineri walikuwa wakimsikia.

Ndani ya mikono ya mama kitu kikapiga chafya. Chafya ndogo, ya kipaka. Kisha kikakunja uso na kulia, kwa hasira kabisa, hasira ya kwetu.

Mama yangu hakuwahi kumsemesha mkwewe tangu siku ng'ombe walipoletwa, na hakumsemesha tena tangu siku ile mpaka tulipomzika. Lakini siku ile aliinua kichwa, akauambia ukuta.

"Wapo hai wote wawili, baba," akasema. "Ni wa kike. Leta maji."

Nikasikia debe linashikwa. Nilimwona kupitia nyufa za fito akipita mbele ya wageni wake, karani wa jineri, suruali nyeupe na kila kitu, anakimbia kuelekea kisimani ambako wanaume hawaendi, na mke wa karani mkuu akifunga mwavuli kumpisha. Machozi yalikuwa yanamtoka na hayafuti. Alikuwa kichekesho, nakiri nilimdharau hata pale, nilimdharau kwa moyo wote na mtoto yuko kifuani kwangu anatafuta ziwa. Aliporudi, nusu ya maji ilikuwa imemwagika miguuni. Aliliweka debe nyuma ya ukuta akiwa amegeuka nyuma, akamwuliza mama, kupitia kwangu, kama yatosha au aende tena.